Riwaya Iliyokula Njugumawe

Mimi ni mwandishi. Naanza hivyo makusudi, maana mtaani kwangu Mabatini, hapa Mwanza, nikisema hivyo watu huniuliza, "Mwandishi wa wapi? Wa mahakamani?" Na si kosa lao. Kazi yangu ni ya kiduka cha steshenari: natoa kopi, nachapa barua za kuomba kazi, nakata picha za paspoti, na mwisho wa mwezi nachapa mikataba ya kupanga vyumba. Nilimaliza kidato cha nne, matokeo yakaja na divisheni ambayo sitaitaja kwa heshima ya marehemu baba, na tangu hapo elimu yangu nimeipata kwenye mashine ya kutolea kopi. Karatasi ya mtu ikipita mikononi mwangu, naisoma. Ni tabia mbaya, najua, lakini ndiyo shule niliyobaki nayo.

Riwaya yangu niliiandika usiku kwenye kaunta buku tatu. Inahusu mama mmoja wa kijijini aliyenyang'anywa shamba lake na tajiri mwenye jino la dhahabu. Sura ya tisa mtoto wake mdogo anakufa kwa njaa, na siwafichi, niliiandika nikilia, machozi yakalowesha wino. Wenzangu wawili watatu walioisoma walisema nimeandika kwa uchungu wa kweli.

Leo nataka kueleza jinsi riwaya hiyo ilivyopata fedha za kuchapwa. Sijawahi kulieleza jambo hili mahali popote, hata kwenye ukurasa wa shukrani. Hasa kwenye ukurasa wa shukrani.

Kwetu ni wilaya ya Muleba, mkoani Kagera, upande wa pili wa ziwa. Asiyepajua nimchoree haraka. Nyumba ya Mhaya hukaa katikati ya migomba, na mahali hapo panaitwa kibanja. Ndani yake mna migomba na mibuni, chini yake mna maharage, magimbi na maboga, na pembeni mna makaburi ya waliotangulia. Ndiyo maana kibanja hakiuzwi kirahisi, maana unauza na babu yako humo. Udongo wake umelishwa samadi na majani makavu mwaka hadi mwaka, mpaka umekuwa mweusi kama masizi.

Ukitoka nje ya migomba unakutana na rweya. Hiyo ni nyika ya majani, udongo wake mwembamba, upepo mtupu. Mwanamume hana shida nayo sana, labda awe na ng'ombe. Huko ndiko wanawake wanakolima. Wanakata majani, wanayachoma, wanalima kishamba ambacho kwetu huitwa omusiri, wanapanda njugumawe, mihogo, viazi vitamu. Baada ya msimu mmoja au miwili wanakiacha kipumzike, wanahamia pembeni. Kwa hiyo mgeni akipita huona vishamba viwili vitatu na majani mengi, akadhani majani yale hayana mwenyewe. Kumbe yanapumzika, yana zamu yao.

Sasa sikiliza hesabu yake. Ndizi ndiyo chakula cha heshima, mgeni hapikiwi muhogo. Lakini migomba ina maradhi. Miaka ya 2000 uliingia mnyauko: jani linageuka njano na kulegea, ndizi zinaiva kabla ya wakati wake, ukikata shina unaona majimaji ya njano kama usaha. Hakuna dawa. Unang'oa shina zima, unaunguza panga kwenye moto ndipo uguse mgomba mwingine. Mwaka ambao mnyauko umepita, kinachookoa nyumba ni njugumawe zilizokaushwa zikawekwa, na mihogo iliyokaa ardhini ikisubiri siku yake. Nikisema kwa lugha ya mjini, kibanja ni mshahara, rweya ni akiba. Ila akiba hiyo haina kitabu cha benki, wala jina la aliyeiweka.

Kwetu aliyeiweka alikuwa Dada.

Dada amenizidi miaka kumi na minne. Aliolewa wilaya nyingine, akakaa huko miaka kumi na moja, akalisha kibanja cha mume wake samadi mpaka kikawa cha mfano, kisha ndoa ikavunjika. Alirudi nyumbani na watoto wawili, begi moja na jembe. Nilikuwa shule ya msingi, nakumbuka jembe lile lilivyofungwa kwa kanga kwenye paa la Hiace. Tangu mwaka 1971 Sheria ya Ndoa inaruhusu mahakama kugawa mali iliyochumwa pamoja, na mwaka 1983, katika kesi ya Bi Hawa Mohamed na Ally Sefu, Mahakama ya Rufani ilikubali kwamba hata kazi za nyumbani ni mchango. Lakini Dada hakwenda mahakamani. Alikwenda rweya, asubuhi ya pili yake.

Baba alifariki mwaka 2021. Siku ya kumaliza matanga ukoo ulikaa sebuleni, majani mabichi yametandikwa chini, kahawa za kutafuna zinazunguka kwenye kikapu kidogo, rubisi ipo. Mimi ndiye mtoto wa kiume peke yangu. Kuamua nani mrithi kulichukua muda mfupi kuliko ubishi wa nani alipe deni la sukari. "Musika ni huyu," akasema baba mdogo, akanishika bega, nikakalishwa kwenye kiti cha marehemu. Nilikuwa na miaka 21. Nilikuja na begi la mgongoni na nilitakiwa kazini Jumatatu.

Wanawake wakaja mmoja mmoja kunisalimu, wamepiga magoti. Dada naye akaja. Dada aliyenibeba mgongoni, aliyenifundisha a e i o u kwa kijiti kwenye vumbi, alipiga magoti mbele yangu akaniita baba. Wengine mtadhani niliona aibu. Bwana wee, nilijisikia vizuri. Kwa mara ya kwanza tangu matokeo ya kidato cha nne nilikuwa mtu.

Mama hakuulizwa neno. Mama, hata baada ya miaka arobaini, ni mtu wa kuja.

Nikarudi Mwanza, na mambo yakaendelea kama zamani. Kila mwezi Dada alikuwa akinipakilia mzigo melini pale Kemondo, katika meli ya Victoria iliyorudi majini mwaka 2020 baada ya kukarabatiwa. Mimi huupokea bandarini asubuhi: mkungu wa ndizi, mfuko wa maharage, na njugumawe zilizofungwa kwenye kipande cha kanga kuukuu. Mshahara wangu ulikuwa unalipa chumba, umeme na kalamu. Chakula kilitoka kwa Dada. Njugumawe nilizichemsha na chumvi jioni, nikala moja moja nikiandika, maganda natupia chini ya kitanda. Riwaya nzima iliandikwa hivyo. Ukiniuliza nani mfadhili wa fasihi ya vijana katika nchi hii, nitakujibu.

Mwaka 2022 nilimaliza kuandika. Nikaipeleka kwa mchapaji, akaitazama unene wake, hakuisoma, akasema nakala 300 ni shilingi 1,200,000. Nyie mnaosoma jarida hili mnajua hali hiyo, sina haja ya kuwasimulia. Wiki chache baadaye baba mdogo akapiga simu.

"Bwana mkubwa, hujambo? Kuna mtu anatafuta mahali pa kupanda mikaratusi. Ameipenda ile rweya yetu ya kule juu. Anatoa milioni moja na laki tatu, miaka kumi."

Usiku ule sikulala. Si kwa sababu ya dhamiri, la hasha, kwa furaha. Niliona kabisa mkono wa Mungu umeshika kalamu. Asubuhi nilimwuliza swali moja tu, na naliweka hapa ili lihesabike kwangu kwa uzuri na kwa ubaya wake:

"Na Dada, baba mdogo?"

"Dada yako pale analima kwa hisani tu. Rweya ni kubwa, atakosa wapi?"

Nilikubali jibu lile kwa sababu ndilo nililolitaka. Mkataba niliuchapa mwenyewe, pale dukani, kwenye kompyuta ileile ya barua za kuomba kazi. Baba mdogo alikuwa ananitajia maneno kwenye simu, mimi nachapa. Mpaka wa mashariki, mpaka wa magharibi, jina la mpangaji, jina la mrithi. Kisha akasema, "Andika kwamba eneo hilo ni pori lisilotumika." Nikaandika: eneo hilo ni pori lisilotumika. Wala vidole havikusita. Mimi ninayejigamba kwamba napima neno kabla ya kuliweka, mimi niliyebadilisha sentensi ya kwanza ya riwaya mara thelathini na moja, neno lile sikulipima hata mara moja. Nilitoa kopi nne, nikazipeleka kwa basi, mashahidi wakatia sahihi, mwenyekiti wa kitongoji akagonga mhuri.

Dada alipiga simu siku moja tu.

"Umefanya, baba?"

"Nimefanya, dada."

"Haya."

Baadaye niliambiwa kwamba mpangaji alipoleta vibarua wa kuchimba mashimo, mihogo ilikuwa bado michanga, haijafikia kuliwa. Ilichimbuliwa ikarundikwa kando. Kishamba cha njugumawe kilikuwa kimeshachomwa majani, kinasubiri mvua za vuli. Jivu lile lilikwenda kwenye mikaratusi.

Riwaya ilitoka Januari 2023. Jalada lina picha ya mama ameshika jembe.

Mzigo wa Machi ulikuja nusu. Sikushangaa, nikasema ni usumbufu wa melini. Mwezi wa Mei ulikuja mfuko wa maharage peke yake, umefungwa kwa kamba ya mgomba. Juni na Julai sikupata kitu, nikaanza kununua mchele kwa kilo na kulalamika bei kama watu wengine. Mnyauko ulikuwa umerudi, umechukua robo ya migomba ya kibanja, na mara hii hapakuwa na mihogo ardhini. Nilijua hayo Agosti, nilipokwenda kuwapelekea nakala kumi za kitabu.

Msomaji asitarajie msiba. Hakuna aliyekufa. Hapo ndipo nilipoona jinsi sura yangu ya tisa ilivyo ya uongo. Nilikuwa nimeandika njaa kama mgeni anayekuja na ngoma na kilio. Kumbe njaa ya nyumbani haina kelele. Nilikuta jiko linawashwa mara moja, jioni. Nilikuta mama anasema ameshiba kabla sahani haijamfikia. Mpwa wangu mdogo, ambaye zamani alikuwa haachi kuuliza maswali, alikaa ukutani akanitazama tu. Dada alikuwa akienda kibarua kwenye mashamba ya watu, analipwa viazi, na siku nyingine alikuwa akitembea karibu saa nzima hadi rweya ya upande wa pili, alikoazima kishamba kwa mtu anayechukua sehemu ya mavuno. Mikono yake ilikuwa na malengelenge mapya juu ya sugu za zamani. Sikujua kwamba inawezekana.

Na mimi, mgeni, nilipikiwa ndizi.

Nilizila. Sitaki kujifanya kwamba nilizikataa. Ukikataa unawavunjia heshima, ukila unakula chakula cha watoto, basi nikala nikitazama mlango. Kwenye kilima kule juu mikaratusi ilikuwa imeshanifikia kifuani, imepangwa mistari kama askari.

Niliporudi Mwanza ndipo ile shule yangu ya mashine iliponipa somo. Mwanafunzi wa sheria alileta karatasi, kopi tano kila moja. Jicho likaanguka kwenye neno Muleba, nikatoa kopi ya sita, yangu. (Mwenye duka akisoma hapa anisamehe, nililipa baadaye.)

Ilikuwa kesi ya Bernardo Ephrahim na Holaria Pastory. Mama huyo wa Muleba alirithi ardhi ya ukoo kwa wosia wa baba yake. Uzee ulipomkuta hana wa kumtunza, Agosti 1988 akaiuza kwa mtu asiye wa ukoo kwa shilingi 300,000. Siku ya pili tu mtu wa ukoo wake, Bernardo, akafungua kesi kwamba mwanamke hana mamlaka ya kuuza ardhi ya ukoo. Mahakama ya mwanzo ikamkubalia, ya wilaya ikampa mama ushindi, mwisho ikafika Mahakama Kuu, hapahapa Mwanza. Mwaka 1990 Jaji Mwalusanya akaamua kwamba mila inayomzuia mwanamke kuuza wakati mwanamume anaruhusiwa ni ubaguzi, haiwezi kusimama mbele ya haki za binadamu zilizoingizwa kwenye Katiba mwaka 1984.

Nilikaa kwenye kiti cha wateja. Nilizaliwa mwaka 2000. Miaka kumi kabla sijazaliwa, mama wa wilaya yangu alikuwa ameshashinda jambo hilo katika mji ninaoishi, na siku ya matanga ya baba, katika sebule iliyojaa wazee wenye kumbukumbu ya kila mpaka na kila ng'ombe aliyekopwa, hakuna aliyemtaja. Au waliomkumbuka walinyamaza.

Tangu siku ile nikawa nawauliza wanafunzi wa sheria kabla hawajaniuliza bei. Mmoja akanionyesha Tangazo la Serikali Na. 436 la mwaka 1963, ambamo mila za urithi zimeandikwa vifungu kwa vifungu. Warithi wana daraja tatu, na mabinti wako la tatu. Ardhi ya ukoo mwanamke anaweza kuitumia, asiiuze. Mjane hana fungu kama ukoo wa mumewe upo, fungu lake ni kutunzwa na watoto wake kama alivyowatunza. Nilikisoma kifungu hicho nikamkumbuka mama anayesema ameshiba. Mwingine akaniletea Sheria ya Ardhi ya Vijiji, Na. 5 ya mwaka 1999, iliyoanza kutumika mwaka 2001. Kifungu cha 20 kinasema mila yoyote inayomnyima mwanamke kumiliki au kutumia ardhi kihalali ni batili. Baraza la ardhi la kijiji liwe na watu saba, watatu wawe wanawake. Tena mwaka 2015 Kamati ya Umoja wa Mataifa inayosimamia haki za wanawake iliamua kwamba Tanzania ilivunja haki za wajane wawili wa Kisukuma walionyimwa urithi kwa kanuni zilezile za 1963, baada ya mahakama zetu kuwazungusha miaka.

Sheria tunazo, jamani. Za kutosha kujaza rafu ya duka. Lakini kadiri nilivyosoma ndivyo nilivyoona kitu ambacho wanafunzi wale hawakuniambia. Holaria alitaka haki ya kuuza. Dada hakutaka kuuza chochote. Alitaka apande, na akirudi mwakani kwenye yale majani yaliyokuwa yakipumzika, ayakute. Na kilichomnyang'anya hakikuwa mzee mkorofi wa ukoo wala tajiri mwenye jino la dhahabu. Ni kijana anayejua kuandika. Maneno mawili, pori lisilotumika, na miaka yake yote ya kulima pale ikafutika, kwa sababu hapakuwa na karatasi nyingine ya kubishana na karatasi yangu.

Desemba 2023 nilikwenda nyumbani na bahasha ya kopi. Nilianza kwa mwenye miti. Ni mtu mstaarabu kabisa, alinikaribisha chai. Akasema anaweza kuirudisha rweya, ila miti imeshakua, kwa hiyo ni 2,500,000. Nikamwomba basi amruhusu Dada apande njugumawe kati ya mistari. Akasema majembe yatakata mizizi. Nikanywa chai, nikaondoka.

Basi kibaki kibanja. Nilikwenda kwa mtendaji wa kijiji nikamweleza nataka kuomba hati ya hakimiliki ya kimila, iandikwe jina la mama na la Dada. Alinitazama kama mteja anayeomba kopi ya noti. "Wewe ndiye musika, halafu hutaki?" Nikamwonyesha kifungu. Akasema anakijua, akatoa fomu, akasema wapimaji wakija atanijulisha. Nje nilikutana na mama mmoja, mjumbe wa baraza la ardhi, mmoja wa wale watatu. Alicheka aliposikia. "Sisi watatu huwa tunaitwa idadi ikipungua," akasema. "Safari hii nitakuja hata wasiponiita."

Mama alikataa. "Jina langu kwenye ardhi ya watu? Nitawaambia nini makaburini pale?" Dada alikuwa anamenya viazi, hakuinua kichwa.

"Andika langu," akasema. "Mama akiona limekaa kwenye karatasi na halijaiunguza, naye ataandika lake."

Baba mdogo hakupiga kelele. Ningependa kuwaambia alipiga kelele, ingekuwa rahisi. Alikaa kwenye kigoda akaniuliza taratibu, "Kesho dada yako akiolewa tena, watoto wake wa ukoo mwingine wakachukua kibanja, kaburi la baba yako utakuja kulizuru kwa ruhusa ya nani?" Sikuwa na jibu zuri. Si swali la kipumbavu. Nilimwambia tu kwamba mimi nilikuwa mtu wa ukoo, na mimi ndiye niliyetoa rweya kwa mikaratusi. Akasema, "Hiyo nilikushauri mimi." Tukanyamaza wote wawili. Nilitoka bila kuagwa.

Jioni yake Dada alileta kile kitabu. Alikuwa amekisoma chote, usiku, kwa taa ya sola ya watoto. Dada aliishia darasa la saba lakini anasoma kila kitu, hata gazeti lililofungia sabuni. Nikasubiri sifa, niseme ukweli. Mwandishi ni mwandishi.

"Kizuri," akasema. "Lakini huyu mama yako wa kitabuni analima saa ngapi? Kurasa mia na arobaini, analia, anasali, anakimbizwa na tajiri. Palizi sijaiona. Nani aliyekuwa anampelekea chakula?"

Nikacheka. Yeye hakucheka, aliuliza kwa kutaka kujua. Kisha akanieleza, bila nimwombe, jinsi ya kuchagua mbegu ya njugumawe. Zilizo kubwa na nzito hazipikwi hata watoto wakililia, ndizo za kupanda. Mwaka ule wa mikaratusi alizipika, kwa sababu hapakuwa na pa kuzipanda. Mbegu aliyokuwa ameichagua tangu aliporudi kutoka kwa mume, ikaisha kwa sufuria moja. Sasa anaazima mbegu za watu, na si tamu kama zile.

Sikuwa na hilo katika kaunta buku zote tatu.

Nimeuza nakala 96 kwa shilingi 8,000, ishirini nimegawa, zimebaki 184 chini ya kitanda, zinakaa pale maganda yalipokuwa. Hata zikiisha zote ni 1,472,000, hazimfikii mwenye miti. Kila mwezi natuma kiasi nyumbani kwa simu. Si nyingi, na Dada hujibu ujumbe kwa neno moja, "Imefika." Mzigo wa melini umeanza kuja tena, mdogo mdogo, wa maharage. Nimemwambia asitume. Anatuma.

Mwezi uliopita mtendaji alipiga simu. Wapimaji wanakuja, na musika lazima awepo kwa mwili wake, na kitambulisho, aseme mbele ya baraza kwamba hajalazimishwa. Nusu saa baadaye akapiga baba mdogo. Ukoo utakaa siku moja kabla ya wapimaji, na mimi natakiwa kwenye kile kiti. Nilimwuliza kama Dada na mama wataitwa. Alikaa kimya kwa muda, nikasikia kuku wa nyumbani wakilia nyuma yake. Akasema, "Watakuwepo. Nani atapika?"

Nimeomba ruhusa kazini siku nne, nimepewa tatu. Tiketi ninayo. Fomu nimeijaza kwa mkono, si kwa mashine, na kwenye nafasi ya matumizi ya ardhi nimeandika chakula, nikaorodhesha kila kilichomo kama Dada alivyonitajia kwenye simu, mpaka nafasi ikaisha nikageuza karatasi na kuendelea upande wa nyuma.